Nguo ya Kuazima

Saa tano ya usiku, Langoni, ghorofa ya pili,
feni inakata maneno ya jirani vipande vipande.
Chati imetulia ndani ya ukurasa wake:
visima kumi na vinane vya Shela, miaka saba,
mistari ya samawati, myembamba kama uzi wa kofia,
inapanda. Unapopanda mstari, munyu umezidi.

Nikabonyeza Pakua.
Likatoka bonge jeusi.
Si mwaka, si kisima:
mlima wa masizi, na herufi zimerundikana kona moja
kama viatu mlangoni pa msikiti siku ya Ijumaa.

Nikajua. Uzuri wote ule haukuwa wake.
Rangi ilikuwa ya ukurasa,
wembamba ulikuwa wa ukurasa, fonti ya ukurasa;
yeye alivishwa tu, akae sebuleni aonekane.
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
nami nimemtoa mtoto wa watu njiani hivyo hivyo.

Basi nikakaa kumshonea.
Kila mstari nikauuliza: wewe rangi yako ipi?
Nikaiandika ubavuni mwake, aibebe mwenyewe.
Unene: mbili. Kujaza ndani: hapana.
Hapana, hapana, hapana, mara kumi na nane.

Kromu akapokea. Hana maneno huyo.

Mbweha wa Moto akanirudishia karatasi nyeupe.
Nyeupe pe. Hata kosa hakuandika.
Nilimbembeleza hadi saa saba
ndipo nikatambua anataka upana na urefu
kwa tarakimu, si "asilimia mia ya chumba".
Fundi wa milango naye hachongi kwa "kiasi cha ukuta".
Mia nane kwa mia tano, nikamwambia.
Akachora.

Akabaki yule anayeitwa Safari,
na sijaona aliyekataa kusafiri kama yeye.
Mhandisi wa Mokowe hatumii mwingine.
Mara ya kwanza alitoa mistari bila jina hata moja,
visima mayatima.
Sikugusa kitu. Nikabonyeza tena: majina yote yapo.
Nikafunga, nikafungua: hayapo. Tena: yapo.
Nadhani fonti bado ilikuwa njiani naye keshapiga picha.
Dawa sikupata. Nilimwamuru achore mara mbili,
ya kwanza aitupe,
nikaandika pembeni mwa msimbo, kwa aibu:
Usifute mstari huu. Bila huu haendi.

Alfajiri nikamtumia Lali Shee, mpimaji,
ambaye simu yake ameigeuza nyeusi kulinda macho.
"Mistari yaelea kizani," akajibu. "Maandishi siyaoni."
Kumbe chini hapakuwa na kitu, hewa tupu,
na wino mweusi umemezwa na usiku wa simu.
Nikatandika mstatili mweupe, wa kwanza kuchorwa,
kama mkeka kabla mgeni hajaketi.

"Sasa naona," akaandika.
Kisha kimya. Kisha:
"Kisima cha kumi na moja hakina munyu.
Mai yake nimeyanwa juzi, ni matamu."

Nikafungua daftari lake, lile la jalada la nailoni.
Moja ya Lali ina kofia ndefu.
Saba ya Lali haina mkato.
Miezi kumi na minne nimemimina chumvi ya kumi na saba
ndani ya kumi na moja,
na wale wa kumi na saba, wanaopikia uchachu,
nimewaandikia maji safi.

Kromu alilichora kosa hilo vizuri.
Mbweha alilichora.
Safari alilichora mara mbili.
Ndilo jambo pekee walilokubaliana usiku kucha.

Boti ya Mokowe inaondoka saa moja na nusu.
Sasa ni kumi na mbili na robo.
Nimenawa uso. Daftari liko magotini,
jua limeanza kuingia kwa mshazari juu ya penseli yake.
Lali, namwandikia, nakutumia picha.
Hii hapa, mwezi wa tatu, chini ya alama ya kikombe:
moja au saba?